Kwa nini puli mpya hupasuka

Kazi ya kusubu hudhaniwa kuwa ni ya moto na mikono mikakamavu. Lakini vifaa vingi huharibikia kwenye umbo la kalibu, kabla makaa hayajawashwa.

Puli ya mashine ya kusaga unga inapopasuka, ugomvi huwa wa namna moja. Mwenye mashine huirudisha kwa fundi aliyeisubu, akaibwaga mezani na kusema, "Fundi, alumini yako mbovu." Fundi naye hujibu kwamba alumini ni ileile ya pistoni alizonunua kwa wauza vyuma chakavu, na kwamba puli nyingine za siku hiyohiyo zinazunguka mpaka leo bila lawama. Wote wawili wanabishana kuhusu metali ilikotoka. Mtaalamu wa kusubu, aliyesomea tabia za metali na kuzeekea kiwandani, angeipokea puli hiyo, akatazama ilipopasukia, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: metali iliingiaje ndani ya kalibu?

Swali hilo ndilo linalotenganisha kuyeyusha na kusubu. Kuyeyusha alumini si kazi kubwa. Inahitaji nyuzi joto 660 tu, na tanuru la makaa lenye feni ya kupuliza huzifikia upesi. Kazi ngumu ni kuamua metali ipite njia gani, ifike wapi kwanza, igande wapi mwisho, na hewa iliyokuwamo itokee wapi. Maamuzi hayo hufanywa kwenye karatasi, mbao na mchanga, tanuru likiwa bado baridi.

Fundi huanza na mfano, yaani umbo la mbao lililo sawa na kifaa kinachotakiwa. Mfano hufukiwa kwenye mchanga uliochanganywa na udongo wa kunata na maji kidogo, ndani ya fremu mbili zinazopandana. Mchanga ukishashindiliwa, fremu hutenganishwa, mfano hutolewa, na pengo linalobaki ndilo kalibu. Halafu huchongwa tundu la kumiminia na mifereji ya kuifikisha metali kwenye pengo hilo. Fremu zikirudishwa pamoja, kumimina kwenyewe huchukua sekunde chache.

Ukanda wetu unaijua kazi hii tangu zamani. Misalaba ya shaba ya Katanga, iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya ukoloni, ilisubiwa kwenye mchanga uliochongwa na kuachwa wazi juu. Siwa ya shaba ya Lamu ilitengenezwa kwa njia ngumu zaidi, ile ya nta: umbo la nta hufunikwa kwa udongo, nta ikayeyushwa na kutoka, na shaba ikachukua nafasi yake. Msalaba ni bapa na hauna siri. Siwa ina uwazi ndani, na kwa hiyo kiini cha udongo hukaa katikati ya kalibu na kuzuiwa kisisogee shaba inapopita pande zote. Ugumu huo haujabadilika hadi leo. Kadiri kifaa kinavyokuwa na uwazi ndani na kuta zenye unene tofauti, ndivyo kalibu yake inavyohitaji kufikiriwa zaidi.

Ngozi isiyoyeyuka

Alumini iliyoyeyuka haikai uchi hata kidogo. Papo hapo inapogusana na hewa huvaa ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka ipate nyuzi joto zaidi ya 2,000, ambazo hakuna tanuru la alumini linalozifikia. Ikitulia juu, haina madhara. Inailinda metali iliyo chini yake. Madhara huanza uso wa metali unaporuka, kuviringika au kumwagika kwa kishindo. Hapo ngozi hujikunja, pande zake mbili kavu zikatazamana, na mkunjo ule ukazama ndani. Pande hizo hazishikamani kamwe. Metali ikiganda, kifaa kinatoka na nyufa ambazo hazikusababishwa na mzigo wowote. Kilizaliwa nazo.

Aliyeieleza hali hii kwa kina ni Mwingereza John Campbell, mtaalamu wa metali aliyekuja kuwa profesa wa kusubu katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Kitabu chake kiitwacho Castings, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1991, kimekuwa rejea ya wanaosubu duniani kote. Campbell na wenzake walitumia mionzi ya eksirei kuangalia alumini ikiingia kwenye kalibu za mchanga, na wakaonyesha kwamba kuna mwendo usiopaswa kuvukwa: takriban nusu mita kwa sekunde. Ikienda chini ya hapo, alumini hupanda kwenye kalibu ikiwa imetulia. Ikizidi hapo, uso hupasuka na ngozi humezwa.

Nusu mita kwa sekunde inasikika kama mwendo wa kutosha, hadi upige hesabu ya kuanguka. Kitu chochote kikianguka milimita 13 tu kimeshafikia mwendo huo. Fundi anayemimina kutoka kimo cha sentimita 30 anaipeleka alumini kwa mita 2.4 kwa sekunde, karibu mara tano ya kiwango hicho. Kwa maneno mengine, karibu kila umiminaji wa mkono kutoka juu huvunja kanuni hii kabla metali haijafika chini.

Kwa hiyo kazi ya mchoraji wa kalibu ni kuipunguza kasi ile na kuitenga metali na hewa. Tundu la kumiminia halitakiwi kuwa bomba lenye upana uleule juu na chini. Metali inayoanguka huzidi kasi, na mkondo wake hukonda. Bomba pana huacha nafasi, na nafasi hiyo hujaa hewa inayovutwa ndani. Tundu linalopungua upana kuelekea chini hukaa limejaa muda wote. Chini yake mfereji huilaza metali, na milango ya kuingilia huwekwa upande wa chini wa kifaa ili metali ipande badala ya kudondoka. Juu huachwa vitundu vya kutolea hewa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachohitaji mtambo wa gharama. Vyote ni vya mkono wenye kisu cha kukatia mchanga na kichwa kinachojua kwa nini kinakata pale.

Kutoka Safari Rally hadi Worcester

Mashabiki wa mbio za magari wa rika la wazee wanamkumbuka Hannu Mikkola. Mwaka 1972 Mfini huyo alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya ukanda wetu kushinda mashindano yaliyoitwa bado East African Safari, akiendesha Ford Escort RS1600. Injini ya gari hilo, BDA, ilisanifiwa na Cosworth, kampuni ya Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1958 na Mike Costin na Keith Duckworth. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza DFV, injini ya silinda nane iliyoshinda mbio zake za kwanza za Formula One huko Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1967, ikaendelea kushinda mpaka jumla ikawa 155.

Silinda hedi za injini hizo zilikuwa za alumini, na silinda hedi ni mtihani mkubwa kwa anayesubu. Ndani yake kuna njia za maji, njia za mafuta, njia za hewa na za moshi, zote zikipishana kwa kuta nyembamba. Kila njia ni kiini cha mchanga kilichosimamishwa ndani ya kalibu. Mkunjo mmoja wa ngozi ya oksidi ukikatiza ukuta, maji yanavuja. Tatizo hilo lilikuwa likiisumbua Cosworth kwa vifaa ilivyonunua nje, na kampuni ikaamua kujisubia yenyewe huko Worcester. Campbell ndiye aliyeongoza kazi ya kitaalamu ya kubuni njia mpya mwishoni mwa miaka ya 1970.

Walichofanya kilikuwa kinyume cha desturi. Hawakumimina kabisa. Pampu ya sumakuumeme, isiyo na kitu kinachozunguka ndani ya metali, iliivuta alumini kutoka katikati ya tanuru, mbali na utando wa juu na takataka za chini, ikaisukuma polepole hadi kwenye kalibu kupitia upande wa chini. Mwendo ulidhibitiwa ili usizidi kile kiwango cha nusu mita. Tangu metali itoke tanurini hadi ijaze pembe ya mwisho ya kalibu, haikuanguka popote.

Mchanga nao walibadilisha. Mchanga wa kawaida ni kwatzi, na kwatzi ikifika nyuzi 573 hubadili mpangilio wake wa ndani na kutanuka ghafla. Alumini huingia ikiwa na nyuzi 700 na kitu, kwa hiyo ukuta wa kalibu huvuka kiwango hicho na vipimo vikayumba. Walichagua mchanga wa zirkoni, ambao ni ghali na mzito lakini hutanuka kidogo sana. Matokeo yakawa silinda hedi zisizovuja na zenye vipimo vya kuaminika. Baadaye Ford ilichukua njia hiyo kwa uzalishaji wa wingi katika kiwanda chake cha alumini cha Windsor, Kanada. Alumini yenyewe haikubadilishwa ili kufikia matokeo hayo. Kilichobadilika ni njia iliyopitishwa na kuta ilizozikuta.

Kinachoganda mwisho

Kasoro ya pili kwa ukubwa ni ya kunywea. Alumini ikigeuka kutoka maji hadi gumu hupoteza karibu asilimia 6.5 ya ujazo wake. Upungufu huo lazima utokee mahali fulani. Sehemu nyembamba huganda kwanza na kunyonya metali kutoka sehemu nene ambazo bado ni maji. Sehemu nene zikianza kuganda zenyewe, hazina pa kunyonya, na ndani yake hubaki tundu.

Mtazamaji mzoefu huyatofautisha matundu kwa jicho. Tundu la gesi lina kuta laini na ni la mviringo. Tundu la kunywea lina kuta zenye makwaruzo na pembe kali, kwa kuwa limeachwa na chembe za metali zilizoota kuelekeana zikakosa cha kujazia katikati. Jibu la kila moja ni tofauti, na fundi asiyejua analo lipi anaweza kutibu mwezi mzima ugonjwa usiokuwapo.

Kwenye puli, sehemu nene ni kitovu kinachoshika shafti. Ndicho kinachoganda mwisho, na ndicho chenye kazi nzito kuliko pengine pote. Dawa yake ni kisima cha akiba: metali ya ziada inayosimama juu ya kitovu, iliyo nene kuliko kitovu chenyewe, ili ibaki maji hadi kitovu kiishe kushiba. Kikiganda, kisima hicho hukatwa na kurudishwa tanurini.

Ukubwa wa kisima haupigiwi ramli. Mwaka 1940 mhandisi Nicolas Chvorinov alichapisha kanuni inayotumika hadi leo: muda wa kuganda hufuata ujazo wa kitu ukigawanywa kwa eneo la uso wake, na jawabu likazidishwa kwa lenyewe. Chukua lita moja ya alumini, kama kilo 2.7. Isubu kuwa mchemraba wa sentimita kumi kila upande, halafu isubu tena kuwa bamba la sentimita 50 kwa 10 kwa 2. Uzito ni uleule, lakini mchemraba utachukua zaidi ya mara nne ya muda wa bamba kuganda. Anayeijua hesabu hii huona kwenye mchoro mahali tundu litakapojificha, kabla hata mfano wa mbao haujachongwa.

Aliyezoea metali moja asidhani anazijua zote. Chuma cha kusubu cha kijivu, kinachotumika kwa ngoma za breki na vifuniko vya mashimo ya barabarani, kina kaboni zaidi ya asilimia 3. Kikiganda, kaboni hiyo hujitenga kuwa grafiti na kutanuka, ikaziba sehemu kubwa ya upungufu. Fundi aliyesubu chuma hicho kwa miaka bila visima vikubwa akihamia alumini kwa kalibu zilezile, vitovu vyake vyote vitatoka na mapango ndani.

Kuna pia mvutano unaotokea baada ya kuganda. Metali iliyoganda inaendelea kupungua huku mchanga ukiizuia, na mahali penye pembe kali pakachanika. Ndiyo maana puli nyingi kubwa za zamani zina mikono iliyopinda. Ule mpindo haukuwekwa kwa urembo: mkono uliopinda hulegea kidogo unapovutwa, ilhali mkono ulionyooka hung'oa ama kitovu ama mzingo.

Kipimo cha mbao

Utaalamu wa vifaa vya kusubia huanzia kwenye mfano, na kosa la mfano hurudiwa katika kila kifaa kitakachotoka. Mfano lazima uwe mkubwa kuliko kifaa: milimita 10 hivi kwa kila mita kwa chuma cha kijivu, 13 kwa alumini, karibu 20 kwa chuma cha pua. Wachonga mifano wa Ulaya walikuwa na rula maalumu kwa kila metali, zenye alama zilizorefushwa kiasi hicho ili wasilazimike kupiga hesabu.

Katika karakana zetu nyingi mfano ni kile kifaa kilichochakaa. Puli ya zamani huoshwa, hufukiwa mchangani, na kalibu imepatikana bila gharama. Njia hii ina akili, lakini ina deni. Puli ya milimita 400 iliyotumiwa kama mfano huzaa puli ya alumini ya milimita 395 hivi, na ikikerezwa hupungua tena. Kwa puli ya mkanda pengine hakuna atakayegundua. Kwa kifuniko cha pampu chenye matundu ya boliti, boliti hazitaingia. Kwa gia, meno hayatakutana.

Mfano mzuri una mengine ambayo mteja hayaoni. Pembeni una mteremko wa nyuzi moja hadi tatu, ili utoke mchangani bila kuubomoa. Pembe za ndani zimezungushwa. Pale patakapokerezwa pameongezwa nyama. Penye kiini pameongezwa vishikio vya kukikalisha, kwani kiini cha mchanga ni chepesi kuliko metali iliyoyeyuka, na kisiposhikwa huelea na kuacha ukuta mmoja mnene na mwingine mwembamba. Mti wenyewe lazima uwe mkavu uliotulia. Mbao mbichi hupinda na vipimo vyote hivi vikawa kazi bure.

Kilichomo ndani ya chungu

Hata kalibu bora haiwezi kuitakasa metali chafu. Pistoni zina silikoni kama asilimia 12, na silikoni ndiyo inayoifanya alumini itiririke vizuri na kunywea kidogo. Rimu za magari zina kama asilimia 7. Nyaya za umeme ni alumini karibu tupu, ambayo hujaza kalibu kwa shida. Zikichanganywa bila mpango, kila mkupuo huwa na tabia yake, na hapo ndipo puli moja hupasuka ilhali nyingine zinadumu. Kutenga malundo matatu kabla ya kuyeyusha kunagharimu muda tu.

Adui mwingine ni unyevu. Maji yakikutana na alumini ya moto hugawanyika, na haidrojeni yake huingia kwenye metali. Alumini iliyoganda hubeba takriban sehemu moja tu ya ishirini ya haidrojeni iliyobebwa na alumini ya maji; inayobaki hutoka kama mapovu wakati wa kuganda. Chakavu kilichonyeshewa mvua kina balaa kubwa kuliko hilo. Maji yaliyonaswa chini ya metali iliyoyeyuka hutanuka zaidi ya mara 1,600 yakiwa mvuke, na chungu hulipuka usoni mwa fundi. Kukausha chakavu pembeni mwa tanuru ni usalama kwanza, ubora baadaye.

Chungu cha chuma nacho humomonyoka polepole, na chuma kinachoingia kwenye alumini huunda vijisindano vigumu vinavyoifanya ivunjike kirahisi. Kupaka chungu na vijiko tabaka la chokaa au grafiti hupunguza hasara hiyo.

Kwa masufuria, suala linahama kutoka ubora hadi afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na kukuta kwamba takriban theluthi yake viliachia madini ya risasi vilipochemshiwa kimiminika chenye asidi kidogo, kama ilivyo kwa mchuzi wa nyanya. Vyombo vya namna hiyo hutengenezwa kwa chakavu mchanganyiko, na risasi iliyoingia kwenye chakavu haiondoki kwa kuyeyushwa. Kinachofaa kwa puli hakifai lazima kwa sufuria, na anayesubu vyote viwili kutoka chungu kimoja anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Bei ya kilo

Soko nalo lina lawama yake. Vifaa vya kusubu hununuliwa kwa kilo, na mteja hulipia uzito anaoondoka nao. Kisima cha akiba, mfereji mrefu na tundu lililochongwa kwa ustadi havimo kwenye mizani. Anayeviweka hutumia makaa mengi zaidi na kalibu chache kwa siku. Asiyeviweka huuza bei ya chini, na ubaya wa kazi yake huonekana baada ya miezi, mara nyingi akiwa hayupo. Vyuo vya ufundi vinaweza kufundisha kanuni ya Chvorinov, lakini fundi ataitumia pale mteja atakapokubali kulipia kitovu kisicho na tundu.

Mwanzo rahisi wa mapatano hayo ni msumeno. Viwanda vikubwa, kabla ya kusubu kwa wingi, hukata kifaa cha kwanza katikati na kukichunguza. Karakana ndogo inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kila mfano mpya: kisubiwe kimoja, kikatwe pale panaponenepa, mteja na fundi wakitazame pamoja. Tundu la mviringo likionekana, chakavu kikaushwe. La makwaruzo likionekana, kisima kiongezwe. Mikunjo ikionekana, njia ya kuingilia ihamishiwe chini. Kilichokatwa hurudi tanurini na kuyeyushwa tena, kwa hiyo gharama yake ni makaa kidogo na siku moja ya kungoja, ambayo ni nafuu kuliko siku moja ya mashine ya kusaga kusimama wakati foleni ya ndoo za mahindi iko mlangoni.